Kansa na Safari ya Mgonjwa: Kutoka Mulago hadi Mwambao wa Tanganyika

Ugonjwa wa kansa, ambao wengine huuita saratani, huzungumzwa mara nyingi kana kwamba jambo lote ni dawa: ikipatikana mgonjwa hupona, ikikosekana hufa. Historia ya ugonjwa huu katika Afrika ya Mashariki haikubaliani na fikra hiyo. Kati ya dawa na mgonjwa kuna njia ndefu, na walio wengi wamepotelea njiani, wala si wodini.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Muda si mrefu Burkitt akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Mwaka 1958 alichapisha habari za uvimbe huo, ambao baadaye ulipewa jina lake. Fedha hakuwa nazo nyingi. Alipiga chapa karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka katika hospitali za serikali na za misheni akiuliza kama ugonjwa huo umepata kuonekana kwao. Kisha, mwishoni mwa 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri majuma kumi, kiasi cha kilometa 16,000, kutoka Uganda hadi Afrika ya Kusini, wakizitembelea hospitali zaidi ya hamsini.

Safari hiyo ilionyesha kwamba uvimbe huo hupatikana zaidi mahali pa joto na mvua, na kwamba karibu na ikweta huadimika kuanzia kimo cha meta 1,500 hivi. Tuitazame basi Burundi. Ziwa Tanganyika liko kiasi cha meta 770 tu juu ya usawa wa bahari. Bugarama ya mwambao, kaskazini ya mji wa Rumonge (isichanganywe na Bugarama ya Muramvya, iliyo kwenye njia panda huko mlimani), huanzia ufukoni penye mbu na homa ya malaria, ikapanda hadi vilimani. Kwa kipimo cha Burkitt, watoto wa ufukweni huko wamo katika eneo la hatari.

Uvimbe huu una tabia mbili zinazopingana. Hukua upesi mno, hata kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Lakini ni miongoni mwa kansa za kwanza kabisa kuonekana zikiyeyuka kwa dawa tu, bila kisu wala mionzi. Kwa hiyo mtoto anaweza kupona kabisa endapo atafika mapema na kurudi kila anapotakiwa. Sharti hilo la pili ndilo gumu.

Kituo kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967, kwa msaada wa Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani, kililielewa sharti hilo. Kiliongozwa na Dakta John Ziegler. Mtoto ambaye hakurudi siku yake hakuandikwa kuwa amepotea na habari zake zikaishia hapo; watumishi waliingia garini wakamfuata kijijini, wakiuliza nyumba hadi nyumba. Ni kazi isiyo na sifa katika vitabu vya udaktari, lakini bila hiyo hakuna ambaye angejua nani amepona. Mwaka 1972 Ziegler na Burkitt walikuwa miongoni mwa waliopewa nishani ya Lasker huko Marekani. Mwaka huohuo, katika utawala wa Idi Amin, wageni walianza kuondoka Uganda, na kazi ikabaki mikononi mwa Dakta Charles Olweny na wenzake Waganda, waliokiendesha chuma hicho katika miaka ya uhaba mkubwa.

Mfano wa karibu zaidi na Burundi ni wa Butaro, kaskazini ya Rwanda, ambako kituo cha kansa kilifunguliwa Julai 2012. Hapakuwa na bingwa wa kansa hapo mwanzoni. Vipande vya nyama vilipelekwa Boston kupimwa, na madaktari wa Butaro wakashauriana kwa simu na mabingwa wa huko. Mgonjwa maskini alipewa nauli na chakula, na waliohitaji mionzi walisafirishwa hadi Kampala. Hata wagonjwa wa Burundi walipokelewa. Lakini mnyororo huo ulitegemea kila pete yake: mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago iliharibika, na mpya haikuzinduliwa hadi Januari 2018. Baadhi ya wagonjwa walilazimika kupelekwa Nairobi. Rwanda ilianza kutoa mionzi yake yenyewe, huko Kanombe, mwaka 2019.

Wapo wanaosema kwamba mama wa kijijini huchelewa kwa sababu humwendea kwanza mganga wa mitishamba. Lawama hiyo ni nyepesi mno. Mama wa Bugarama hutoka kituo cha afya akaenda Rumonge, kisha Bujumbura, na kila mahali huanza upya kueleza habari za mwanawe kwa mtu asiyemjua, huku uvimbe ukiongezeka. Mganga wa jirani, angalau, anamkumbuka. Barua ya daktari inayofika kabla ya mgonjwa, na muuguzi mmoja anayejua jina la mtoto na siku ya kurudi, gharama yake ni ndogo kuliko ya chupa moja ya dawa.

Kwa miongo mingi baada ya uhuru wa 1962, Burundi haikuwa na mashine ya mionzi, na mgonjwa aliyeihitaji alivuka mpaka. Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Kwa mtu wa mwambao asiye na nauli ya ndege, njia nyingine ilikuwa ya kusini: Nyanza-Lac, Mugina, Kigoma, kisha reli ya kilometa zipatazo 1,250 hadi Dar es Salaam, iliko hospitali ya kansa ya Ocean Road, katika jengo lililojengwa na Wajerumani na kukamilika mwaka 1897. Na matibabu ya mionzi si ya siku moja. Mara nyingi huchukua majuma kadhaa, na baada yake mgonjwa hutakiwa kurudi tena kuangaliwa.