Kiti Mezani: Historia Fupi ya Wanawake wa Kongo katika Uongozi wa Umma



Mji wetu ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, kampuni ya Union Minière iliwafungulia wake za wafanyakazi wake nyumba za kujifunzia kushona, kupika na kulea watoto. Kazi hizo ni za heshima. Lakini hazikumwandaa mwanamke kukalia kiti katika baraza la kampuni. Tuanzie hapo, kwa maana aliyenyimwa maandalizi huambiwa baadaye kwamba hana uwezo.

Mwaka 1964 Sophie Kanza alihitimu Lovanium, akawa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata shahada ya chuo kikuu. Mwaka 1966 akawa waziri mwanamke wa kwanza wa nchi. Wakati huo wanawake walikuwa hawajapewa haki ya kupiga kura. Waliipata kwa Katiba ya 1967.

Mlango uliofunguka serikalini ulibaki umefungwa nyumbani. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mkataba wa kazi yake mwenyewe. Hivyo wakili, mganga au mhasibu mwenye diploma aliweza kuzuiwa kwa neno moja la mumewe. Na vyama vinavyosimamia kazi hizo, kwa kawaida, huchagua viongozi miongoni mwa wenye uzoefu wa miaka mingi. Anayechelewa kuingia, huchelewa pia kuongoza.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 14, ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuwakilishwa kwa usawa katika taasisi za taifa, za majimbo na za mitaa. Sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 ikaeleza namna ya kutekeleza usawa huo. Mwaka 2016 Sheria ya Familia ilirekebishwa, na ruhusa ile ya mume ikaondolewa.

Matunda yameonekana. Malangu Kabedi Mbuyi alikabidhiwa Benki Kuu ya Kongo mwaka 2021, na Judith Suminwa Tuluka akawa waziri mkuu mwaka 2024, wote wakiwa wanawake wa kwanza katika nafasi hizo. Hata hivyo, mmoja kileleni si usawa mezani.

Wapo wasemao kwamba cheo kitolewe kwa uwezo tu. Neno hilo ni la haki, nasi tunalikubali. Ila historia inatuuliza: ni nani aliyepewa nafasi ya kuukuza uwezo wake, na ni nani aliyefungiwa mlango?

Tujiulize sisi pia. Katika kamati zetu za vijana, je, dada hupewa daftari la kuandika na jiko la sikukuu tu, au hushika pia hesabu na uenyekiti? Atakayeketi kesho katika baraza la umma anajifunza leo, katika mkutano wetu wa Jumapili.