Saa ya ukutani inayodanganya: namna watu walivyojifunza kuichunga

MARABO – Saa ya ukutani ina magonjwa mawili. La kwanza ni kusimama: betri imeisha, mishale haitembei, na kila anayeingia anaona. La pili ni baya zaidi. Saa inatembea vizuri, inalia tiki-taka, lakini imebaki nyuma dakika ishirini. Hakuna anayeshtuka. Muuguzi anaandika saa ya sindano kwa kuitazama, mwalimu anagonga rimu ya gari kuita wanafunzi, na familia zilizokimbia vita zinaambiwa zimechelewa kwenye orodha.

Ugonjwa huo wa pili umesumbua watu tangu zamani, na dawa yake ina historia.

Mwaka 1852, huko Greenwich karibu na London, fundi Charles Shepherd alifunga saa ya umeme iliyotuma mapigo kwa waya hadi kwenye saa nyingine. Moja ilikuwa saa mama, nyingine zilikuwa watoto: mama akipiga, watoto wanasogea. Mwaka 1855 waya wa telegrafu kutoka Greenwich ulianza kuangusha mpira mkubwa juu ya mnara katika mji wa pwani wa Deal, kila siku saa 7 mchana. Manahodha waliokuwa baharini waliutazama ukianguka, wakarekebisha saa zao. Haikuwa mchezo, maana walitumia saa kujua meli iko wapi. Kwenye ikweta, kosa la sekunde 4 tu linakupotezea karibu kilomita 2.

Lakini jambo kubwa la Deal halikuwa mpira. Ulipoanguka, alama ya umeme ilirudi Greenwich kusema: umeanguka. Aliyetuma majira alipata jibu. Kuchunga hali ya saa kunaanzia hapo: hutumi tu, unangoja jibu, na jibu lisipokuja unajua kuna shida.

Ufaransa walijifunza kwa njia nyingine. Kuanzia mwaka 1880, saa nyingi za Paris, za barabarani na za majumbani, ziliendeshwa kwa hewa iliyosukumwa katika mabomba chini ya ardhi. Tarehe 21 Januari 1910 mto Seine ulifurika, maji yakaingia kwenye kiwanda cha hewa, na saa hizo zikasimama zote pamoja. Mama akizama, watoto wote wanazama. Ila angalau kila mtu aliona zimesimama.

Mwaka huohuo wa 1910, mnara wa Eiffel ulianza kurusha alama za majira kwa redio. Tarehe 5 Februari 1924, BBC ilianza kurusha milio sita midogo kabla ya saa kamili. Sasa majira yalifika bila waya, hadi vijijini. Hata hivyo redio inasema tu, haisikii. Haiwezi kujua kama aliye mbali amerekebisha saa yake.

Jibu lilirudi kwa kompyuta. Mwaka 1985 Mmarekani David Mills alitoa kanuni, iitwayo NTP kwa kifupi, inayowezesha mashine kuulizana saa kwenye mtandao na kuhesabu pia muda ambao ujumbe umepotea njiani. Leo hospitali, viwanja vya ndege na shule kubwa duniani zina saa za ukutani zilizounganishwa hivyo. Programu moja inaziuliza zote kwa zamu: umepata majira lini mara ya mwisho? Umekosea sekunde ngapi? Betri imebaki kiasi gani? Isiyojibu inatiwa alama, na fundi anaenda kuitazama. Baadhi ya saa za tarakimu, zikikosa majira, zinaonyesha mistari badala ya namba. Ni afadhali kunyamaza kuliko kudanganya.

Kwenye barabara ya Bunia–Komanda, kazi hiyo ina ugumu wake. Kongo ina majira mawili: ikiwa saa 6 mchana Kinshasa, Bunia ni saa 7. Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, tayari ni saa 8. Simu ikishika mtandao wa Uganda huko Kasenyi au Tchomia, inaweza kujirukia saa nzima mbele bila kumwambia mwenyewe. Redio za nje zinatangaza saa za kimataifa, na msikilizaji wa Ituri anapaswa kuongeza mbili. Juu ya hayo kuna saa ya Kiswahili na saa ya Kifaransa: « huit heures » ya asubuhi ni saa mbili.

Basi watu wawili wakiitwa saa mbili asubuhi, aliyetoka ziwani na simu yenye majira ya Uganda atafika mapema na kungoja juani. Mwenye saa iliyobaki kwenye majira ya Kinshasa atakuta watu wameshatawanyika. Wote wawili walitazama saa, na saa zote mbili zilikuwa zinatembea.

Kwa mgonjwa ni hatari zaidi. Sindano ya artesunate kwa malaria kali hutolewa anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, kisha baada ya saa 24. Muuguzi wa usiku akitumia saa ya ukutani na yule wa mchana akitumia simu yake, hesabu inavunjika.

Pasipo na mtandao, njia ya Deal bado inafaa. Majira yachukuliwe mahali pamoja, kwa mfano kwenye redio inayotaja saa ya Bunia. Mtu mmajawapo apewe kazi hiyo kwa jina, alinganishe saa ya ukutani kila siku wakati uleule, kisha aandike kwenye daftari: tarehe, imekosea dakika ngapi, betri imebadilishwa lini. Siku ambayo mstari wa daftari uko wazi, hilo ni jibu ambalo halikurudi. Na kila tangazo liseme: saa mbili asubuhi, saa ya Bunia.

Familia iliyoacha kila kitu nyumbani mara nyingi haina saa yake. Inategemea ile ya ukutani kwa watu, na ina haki ya kuuliza nani aliitazama leo.