Tohara Meru na Embu: Wembe Umehama, Mafunzo Yamebaki na Nani?

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Meru, wengi hukumbuka miraa. Tukitajiwa Embu, pengine ni mchele wa Mwea tulioupita njiani. Lakini upande huo wa mashariki ya Mlima Kenya una historia ndefu kuhusu jambo linalotugusa hata sisi: namna jamii inavyomtoa mtoto utotoni na kumtambua kuwa mtu mzima.

Nimefanya kazi huko kwa miaka kadhaa, na nimealikwa mara si haba kwenye sherehe za kuwatoa nje vijana baada ya tohara. Nimeona pia watu wakibishana kama mila imekufa au ingali hai. Kwa maoni yangu swali hilo haliko sawa. Ibada ya kuvuka rika ina vitu vitatu ndani yake: alama ya mwilini, mafunzo, na watu wa kushuhudia kwamba huyu si mtoto tena. Vitu hivi havibadiliki pamoja. Kimoja kinaweza kuondoka na viwili vikabaki, au alama ikabaki na mafunzo yakapotea. Miaka mia moja iliyopita ya Meru na Embu inaonyesha hayo yote, na gharama yake wameilipa watoto.

Ilivyokuwa zamani

Kwa Wameru, tohara ya mvulana ilikuwa mlango wa kuingia katika rika, yaani nthuki. Rika zina majina yanayofuatana kwa mzunguko, kama Michubu, Ratanya, Lubetaa na Miriti, na kila rika lina mafungu matatu: Nding'uri, Kobia na Kaberia. Ukikutana na Mmeru anayeitwa Kobia au Kaberia, jina lake linatoka huko. Familia moja haikuweza kuamua tu kwamba mwaka huu mtoto wetu atatahiriwa. Wazee ndio waliofungua msimu na kuufunga. Kijana akishapona alihamia gaaru, nyumba ya mashujaa, na huko alifunzwa kulinda mifugo na mipaka, kuheshimu wakubwa, na kuishi na wenziwe wa rika moja.

Wasichana nao walikeketwa, kwa kawaida walipokuwa tayari wamechumbiwa, muda mfupi kabla ya kuolewa. Hapa kuna jambo ambalo wageni wengi hawakulielewa. Ibada hiyo haikumvusha msichana peke yake. Mama yake naye alipanda daraja, akaingia katika baraza la wanawake lililoitwa kiama gia ntonye. Bibi na shangazi walikuwa na kazi yao ya kufunza. Kwa hivyo aliyeugusa wembe, hata kwa nia njema ya kumwokoa msichana na maumivu na hatari ya kufa akijifungua, alikuwa anagusa cheo cha wanawake watu wazima wa kijiji kizima.

Misheni, serikali na mabaraza

Katikati ya miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali ya kikoloni, ya Embu na Meru yakiwemo, yalipitisha maazimio ya kupunguza ukali wa ukeketaji. Maazimio hayo hayakufua dafu vijijini. Mwaka 1929 misheni za Kanisa la Skotlandi, ikiwemo ya Chogoria upande wa Mwimbi, ziliwataka waumini waape kwamba wameiacha mila hiyo. Waumini wengi walilihama kanisa kuliko kuapa. Katika nchi ya Wagikuyu na hata Embu zikachipuka shule za kujitegemea zilizoendeshwa na wenyeji wenyewe. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha Facing Mount Kenya cha mwaka 1938, aliitetea ibada hiyo kama nguzo ya jamii nzima ya Wagikuyu.

Serikali yenyewe haikuwa na msimamo mmoja. Miaka ya 1930 huko Meru, maafisa walijali zaidi habari za mimba zilizotolewa na wasichana ambao hawajakeketwa, kwa sababu mtoto wa msichana kama huyo hakukubaliwa na jamii. Dawa waliyoiona ni kushusha umri: msichana akeketwe kabla ya kubaleghe badala ya karibu na ndoa. Ibada iliyokuwa ya mwanamwali aliye tayari kuolewa ikawa ya mtoto mdogo. Ukimsikia mtu leo akisema kumkeketa mtoto wa miaka kumi ni mila ya tangu jadi, mkumbushe kwamba umri huo uliwahi kusukumwa na ofisi ya mkoloni.

Ngaitana: nitajitahiri mwenyewe

Mwezi wa Aprili 1956, wazee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru ambalo makao yake ni Nchiru huko Tigania, walipiga ukeketaji marufuku. Ilikuwa katikati ya Hali ya Hatari. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na serikali ilikuwa ikiwategemea wazee na machifu waliokuwa upande wake. Wanawake hawakuulizwa kitu.

Jibu lilitoka kwa wasichana wenyewe. Walinunua nyembe madukani, wakaenda vichakani kwa makundi, wakakatana wao kwa wao. Wakapewa jina la Ngaitana, maana yake "nitajitahiri mwenyewe". Katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,400, wasichana kwa wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za wenyeji kwa kuvunja amri hiyo. Wengine wengi walitozwa faini na wazee bila kufikishwa mahakamani.

Kisa hiki si cha kusifu ukeketaji. Ukeketaji unaumiza, unaacha makovu ya maisha na umeua wasichana wasiojulikana idadi. Ila tazama kilichotokea: mama na bibi waliokuwa wakisimamia waliondolewa, mafunzo yakaondoka pamoja nao, na kitu pekee kilichobaki mikononi mwa wasichana kikawa ni wembe. Marufuku ilikusudia kuondoa alama ya mwilini, ikaishia kuondoa kila kitu isipokuwa hiyo alama.

Maneno badala ya wembe

Ilichukua miaka arobaini kabla ya njia nyingine kujaribiwa. Mwaka 1996, huko Gatunga katika nchi ya Watharaka, karibu familia 30 zilishirikiana na Maendeleo ya Wanawake kuanzisha Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani kwa juma moja. Walifunzwa kuhusu mwili wao, hedhi, ndoa, heshima na masomo. Mwishoni walitolewa nje mbele ya kijiji kwa nyimbo, ngoma na zawadi. Hakuna aliyekatwa.

Ukiutazama mpango huu kwa vile vitu vitatu nilivyovitaja, utaona ulifanya kinyume cha 1956. Ulitoa alama ya mwilini lakini ukarudisha mafunzo na mashahidi, na wanawake wakubwa wakarudishiwa kazi yao. Ndiyo sababu mpango wa aina hiyo ulienea sehemu nyingi za Kenya.

Una udhaifu wake pia, na ni vizuri kuusema. Pale ambapo baba hakushirikishwa, au mama mkwe mtarajiwa bado anamtaka mke "aliyekamilika", msichana anaweza kusherehekewa Agosti na kukatwa kwa siri Desemba. Vilevile mpango huu unafaa palipokuwa na sherehe ya hadharani ya kubadilishwa. Mahali ambapo mtoto hukatwa angali mchanga, kama inavyotajwa sana Taita, hakuna sherehe ya kuirekebisha, na dawa yake lazima iwe nyingine.

Sheria nayo imekaza. Sheria ya Watoto ya 2001 iliwakinga walio chini ya miaka 18. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ya 2011 ikamkinga mwanamke wa umri wowote, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Kifungu ninachokipenda zaidi humo ni cha 25: mtu akimtukana au kumdhihaki mwanamke kwa kutokeketwa anaweza kufungwa miezi isiyopungua sita au kutozwa shilingi zisizopungua 50,000. Waliotunga kifungu hicho walielewa kwamba wembe hutanguliwa na maneno ya watu.

Mabadiliko yapo. Mwaka 1998 takwimu za taifa zilionyesha asilimia 38 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 21, na 2022 asilimia 15. Njuri Ncheke wenyewe mwaka 2009 walitangaza tena kuupinga ukeketaji. Hata hivyo Meru, Tharaka Nithi na Embu zingali miongoni mwa kaunti 22 ambazo serikali inaziangalia kwa karibu, na ndani ya orodha hiyo zimo Tana River na Taita Taveta za huku kwetu.

Wavulana: alama imebaki, nani anafunza?

Kwa wavulana mambo yamekwenda upande mwingine. Hakuna anayepinga tohara yenyewe. Ila imehama kutoka kando ya mto alfajiri, ambako maji baridi ndiyo yalikuwa ganzi, ikaingia zahanati na hospitali, kwenye sindano na vifaa safi. Hilo ni la heri.

Msimu nao haufunguliwi tena na wazee. Kalenda ya shule ndiyo inayouamua. Wakati wa 8-4-4, mfumo ulioanza 1985, mvulana alitahiriwa baada ya mtihani wa darasa la nane, ili akiingia kidato cha kwanza awe ameshapona na asichekwe bwenini. KCPE ilifanywa kwa mara ya mwisho 2023. Nimewasikia wazazi wa Embu wakijadiliana: je, sasa ni baada ya Gredi ya 6 au tungoje Gredi ya 9? Mmoja anasema wa miaka 12 bado mtoto, mwingine anasema akiachwa hadi 15 wenzake watamdhihaki. Njuri wala kanisa halikupanga mjadala huo. Umeletwa na mtaala.

Tatizo ni linalofuata baada ya hospitali. Daktari anakata, anafunga, anamrudisha kijana nyumbani. Gaaru hakuna. Baba yuko kazini Nairobi au Mombasa. Kijana anawekwa chumba cha pembeni, na wanaokuja "kumfunza" ni vijana waliomtangulia mwaka mmoja au miwili. Baadhi yao ni wasimamizi wema wanaomsaidia na kumpa moyo. Wengine huleta pombe, matusi na viboko, wakisema nao walipigwa. Desemba baada ya Desemba tunasoma habari za vijana walioumizwa, na wengine kufa, mikononi mwa wakubwa wao wakati wa kupona. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapa ulimwengu ni kijana wa miaka 16 mwenye fimbo.

Makanisa yameliona pengo hilo. Hospitali ya PCEA Chogoria, ile ile misheni iliyogombana na waumini wake 1929, imewahi kuendesha mpango wa kuwatahiri wavulana na kuwafunza wakiwa pamoja. Katoliki, Methodisti na Anglikana wana kambi zao wakati wa likizo ndefu. Vijana hukaa siku kadhaa, hufunzwa dini, afya, madhara ya dawa za kulevya na namna ya kuishi na wasichana kwa heshima, kisha hutolewa nje kanisani na kupewa vyeti. Wapo wanaowacheka kwamba hawakuwa "wanaume kamili" kwa kuwa hawakupigwa. Mimi ningependa kuona wazee wa ukoo wakikaribishwa ndani ya kambi hizo na wakaenda, maana mchungaji anaweza kufunza vizuri, lakini kijana akirudi kijijini anayemtambua ni mzee wa kwao.

Na sisi je?

Pwani hatuna sababu ya kuwatazama Wameru na Waembu kwa mbali. Wazee wetu walikuwa na jando, na ndani ya kumbi kulikuwa na mafunzo marefu. Leo watoto wengi wa mijini hutahiriwa hospitalini wakiwa wachanga, jambo zuri kwa afya, na hakuna kumbi tena. Unyago umebaki kwa kiasi katika kazi ya somo na kungwi, ambao siku hizi huitwa karibu na harusi tu, siku chache kabla ya singo. Madrasa humfunza kijana hukumu za kubaleghe na twahara. Mengine ya utu uzima, kama hasira, pesa, wasichana na mihadarati, ameachiwa simu na vijana wa maskani.

Sisemi turudishe kumbi. Nasema kila tunapohamisha sehemu moja ya ibada tujiulize zile nyingine zimekwenda wapi. Mzazi mwenye mvulana wa miaka 13 nyumbani anaweza kuanza na jambo dogo: amtafute mtu mzima mmoja anayemwamini, mjomba, ami au ustadhi, ampe kazi hiyo kwa jina, na kijana ajue kwamba amekabidhiwa kwake. Ntanira na Mugambo ilianza na familia 30 tu katika kijiji cha Gatunga.