Makaburi Hayahami

Novemba 2023, mto Tana ulipofura, watu wetu hapa Nanighi walihama na mbuzi, magodoro na masufuria. Makaburi yalibaki. Nyanya yangu alikuwa akilitambua kaburi la babu kwa mti mmoja tu. Maji yalipopungua mti haukuwepo, na ukingo wenyewe ulikuwa umeliwa. Siku hizi tukienda kuzuru tunakisia tu, "ni hapa hapa." Wadau, huyo ni mtu, si kisima kilichofukiwa.

Sasa shuka na mto huo huo mpaka Golbanti, kule delta. Hapo walizikwa Mchungaji John Houghton na mkewe Annie, wamishonari Wamethodisti kutoka Uingereza, waliouawa Wamaasai walipovamia misheni Mei 1886. Hawana ukoo kando ya Tana, na bado tunawajua kwa majina, kwa sababu kanisa liliandika. Lakini siku ile walikufa pia wenyeji waliokuwa misheni. Hao nani anawataja?

Nilianza kusoma jinsi wengine walivyolitatua jambo hili, nikajikuta Ujerumani. Kule kaburi la kawaida hukodishwa, mara nyingi miaka 20 au 30, kisha nafasi hupewa maiti mwingine. (Mwambie mzee wa hapa hivyo uone atakavyokuangalia.) Kwa Wayahudi ni mwiko. Kaburi ni la marehemu milele, halifukuliwi kupisha mtu. Ndiyo maana walinunua ardhi yao wenyewe, mara nyingi nje ya mji, kwenye miteremko ambayo hakuna aliyeitaka. Mjini Worms yapo mawe ya makaburi yao tangu karne ya 11.

Halafu akaja Hitler. Wenye makaburi wakauawa au wakakimbia, wachache wakafika hata hapa Kenya miaka ya 1930, na wazazi wao waliozikwa kule wakabaki bila wa kuwazuru. Mawe mengi yalivunjwa. Vita vilipoisha, miji mingi ilikuwa na makaburi ya Wayahudi bila Myahudi hata mmoja. Mwaka 1957 serikali kuu na majimbo wakakubaliana kulipia utunzaji wake. Ni karibu makaburi 2,000. Kwa hiyo leo mji uliowafukuza watu ndio unaofyeka nyasi juu ya babu zao. Mimi siiti hiyo fidia, wafu hawafidiwi. Ila angalau iko kwenye karatasi, haitegemei kumbukumbu ya nyanya mmoja.

Sisi tunaitegemea hiyo tu. Na mto hausubiri bajeti ya mtu.

Basi nimeanza na daftari na simu. Nakaa na mzee, ananitajia jina, tunatembea hadi mahali, napiga picha, nanukuu vipimo vya GPS. Wiki jana mzee mmoja alinipa majina 17 kabla ya alasiri, kisha akanyamaza kwa la kumi na nane, mtoto wake. Tulikaa tu. Jumamosi narudi kwake. Kama una mtu wako amelala karibu na ukingo, nitafute kabla ya masika.