Msamiati wa duka la kutisha: kutaja bidhaa katika michezo ya kigothi

Duka la kutisha ni mahali pa kawaida katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika iliyojengwa juu ya hadithi za kigothi. Wachezaji huingia kununua mishumaa, kamba na dawa. Mwendesha mchezo huwaeleza kilichopo rafuni, na aghalabu jina la bidhaa ndilo linalowaonya kuwa hapo si salama. Makala haya yanaeleza maneno ya Kiswahili yanayofaa bidhaa hizo, ngeli zake, maana zake nyingine, na mahali ambapo mfasiri hana budi kuchagua kwa uangalifu. Kiswahili kina maneno mengi yaliyokwisha kubeba hofu. Anayeyatumia yampasa ajue kila neno linamwogofya nani, na kwa sababu gani.

Usuli

Neno «kigothi» lilipata maana yake ya kifasihi nchini Uingereza. Horace Walpole alichapisha The Castle of Otranto mwaka 1764, na katika toleo la pili la mwaka 1765 akakiita kitabu hicho hadithi ya kigothi. Ngome kuukuu, koo zenye laana na wafu wasiotulia vikawa alama za utanzu huo, na riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ya mwaka 1897 ikamweka mnyonya damu katikati yake.

Mchezo wa Dungeons & Dragons, wa Gary Gygax na Dave Arneson, ulitolewa Marekani mwaka 1974. Mwaka 1983 kikatoka kisa cha Ravenloft kilichotungwa na Tracy Hickman na Laura Hickman, ambamo mnyonya damu Strahd von Zarovich anatawala nchi ya Barovia. Kisa hicho kilipanuliwa katika kitabu cha Curse of Strahd cha mwaka 2016. Humo mna duka la Bildrath, ambalo huuza vifaa vya kawaida kwa bei mara 10: kioo cha chuma, ambacho katika kitabu cha kanuni cha mwaka 2014 ni sarafu 5 za dhahabu, hapo ni sarafu 50. Katika mji wa Vallaki yupo pia Blinsky, fundi wa vitu vya kuchezea ambavyo huwaogofya watoto badala ya kuwafurahisha. Baadhi ya mifano iliyo hapa chini imetoka Barovia.

Maneno yenye maana mbili

*fedha* (i-/zi-). Neno hili lina maana ya madini meupe ya thamani na pia pesa. Katika hadithi za kigothi madini hayo ndiyo silaha dhidi ya viumbe wa usiku, na kitabu cha kanuni cha 2014 hutoza sarafu 100 za dhahabu kwa kupaka fedha silaha moja. Utata wa neno unaweza kumfaa mwenye duka mjanja:

— Nataka jambia la fedha, mzee.
— Yote ni ya fedha, mwanangu. Hapa hakuna cha bure.

Pale utata unapodhuru maana, kama vile katika orodha ya bei, iandikwe «jambia lililopakwa madini ya fedha». Neno «sarafu» litumike kwa pesa yenyewe.

*kizuka* (ki-/vi- au a-/wa-). Kizuka ni kiumbe kinachotokea ghafla na kutoweka. Katika mwambao, kizuka ni pia mjane aliyemo katika eda. Kwa hiyo «mtandio wa kizuka» ni bidhaa ambayo jina lake pekee ni kisa kizima: mnunuzi hajui kama mtandio ulikuwa wa mfiwa au wa mfu. Mwalimu anayeutumia mfano huu darasani akumbuke kwamba miongoni mwa wanafunzi wanaweza kuwamo ambao mama zao wamekaa eda.

*ubani* (u-). Ubani ni utomvu mkavu wa mti unaofukizwa, na pia mchango unaotolewa kwa wafiwa. Mwenye duka anayempa mnunuzi kipande cha ubani na kumwambia, «Chukua, utauhitaji», amesema mambo mawili kwa neno moja. Chombo cha kufukizia ni chetezo (wingi: vyetezo).

*viungo* (ki-/vi-). Viungo ni vikolezo vya chakula. Ni pia sehemu za mwili. Maandishi ya mlangoni yasemayo «Viungo vya kila aina» yanaonekana kama zawadi kwa mtunzi wa hadithi za kutisha, lakini neno hili linahitaji tahadhari kuliko yote yaliyotangulia. Tangu miaka ya 2000, Tanzania na baadhi ya nchi jirani zimeshuhudia mashambulizi na mauaji ya watu wenye ualbino, ambao viungo vyao viliuzwa kwa imani za kishirikina. Katika habari za matukio hayo, «viungo» ndilo neno lililotumika. Msomaji wa Kiswahili hulisikia kama taarifa ya jana, wala halimpeleki mbali katika ngome ya kubuni. Inafaa bidhaa itajwe kwa jina lake mahususi, na iwe ya mnyama: meno ya popo, manyoya ya kunguru, mfupa wa mbwamwitu.

Muuzaji: mchawi, mganga au zimwi?

Katika kisa cha Barovia, wauzaji wa vitafunio viletavyo ndoto ni viumbe waliojigeuza vikongwe, na unga wao umechanganywa na mifupa ya watoto iliyosagwa. Kitafunio chenyewe kiitwe «keki ya ndoto». «Andazi» na «kitumbua» hukaangwa kwa mafuta, hali keki hizi huokwa.

Tatizo kubwa ni jina la wauzaji. Wafasiri wengi watawaita «bibi vizee wachawi». Katika sehemu za Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na wekundu wa macho ulichukuliwa kuwa ushahidi. Maelezo ya bidhaa yanayomwonyesha kikongwe mwenye macho mekundu kuwa mchawi hurudia tuhuma ileile. Neno sahihi zaidi ni *zimwi* (li-/ya-). Kwa kanuni za mchezo, viumbe hao si binadamu tangu asili, na zimwi la ngano za Kiswahili nalo ni kiumbe mla watu anayeweza kujigeuza. Hapa usahihi wa maana na uangalifu kwa watu vinaelekea upande mmoja.

*Mganga* asichanganywe na *mchawi*. Mganga hutibu, mchawi hudhuru. Duka la mitishamba ni la mganga au mwuza dawa, na vibuyu vyake vidogo vya dawa huitwa tunguri.

Bidhaa za kinga

*hirizi* (i-/zi-). Ni kinga inayovaliwa mwilini, mara nyingi maandishi yaliyoshonewa ndani ya ngozi au kitambaa. Kwa kuwa maandishi hayo aghalabu ni aya za Kurani, hirizi isiwe jina la kila kidani chenye nguvu. Kidani kisicho na maandishi kinaweza kuitwa *talasimu* (i-/zi-).

*kago* (li-/ya-). Ni kinga inayolinda mahali au mali, kama vile shamba au nyumba. Kitenzi chake ni -kaga. Linafaa kwa bidhaa inayotundikwa mlangoni: «Kago hili huzuia asiyealikwa.»

*maji ya baraka*. Ni maji yaliyobarikiwa kwa matumizi ya ibada, hasa katika Kanisa Katoliki. Katika kitabu cha kanuni cha 2014, chupa moja ni sarafu 25 za dhahabu. Yasichanganywe na *kombe*, ambalo ni maji yaliyooshea aya zilizoandikwa kwa zafarani katika sahani na kunywewa na mgonjwa. Kumwagia adui kombe ni kosa la maana na pia la adabu.

*kitunguu saumu* (ki-/vi-). Katika Dracula, maua ya mmea huu huwekwa chumbani ili kumzuia mnyonya damu. Pwani husikika pia «kitunguu thomu». Sehemu ya pili ya jina imetoka katika neno la Kiarabu la kiungo hiki, wala haihusiani na saumu ya mfungo. Mfasiri asijaribu kujenga maana ya kidini juu ya mfanano huo.

Mumiani: bidhaa na mwuzaji wake

Neno *mumiani* ndilo lililo karibu zaidi na duka la kigothi katika Kiswahili chote. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza kuwa ni kitu cheusi mfano wa gundi kilichotumiwa kama dawa. Asili yake ni Kiajemi, kutoka neno lenye maana ya nta. Neno hilohilo, kwa njia ya Kiarabu, liliingia katika lugha za Ulaya, ambako maduka ya dawa yaliuza kwa karne nyingi unga wa maiti zilizokaushwa. Kwa hiyo mfasiri anayekuta unga huo katika duka la mchezo ana neno lililo tayari, lenye ukoo mmoja na lile la Ulaya.

Maana haikuishia kwenye dawa. Watu wa Afrika ya Mashariki walikuja kuamini kuwa mumiani hutengenezwa kwa damu ya binadamu, na jina likahamia kwa wale waliodhaniwa kuwakamata watu ili kuwanyonya damu. Wakati wa ukoloni, shutuma hizo ziliwaangukia pia wazimamoto. Mwanahistoria Luise White alizichambua simulizi hizi katika kitabu cha mwaka 2000, akazichukua kuwa ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala wa kikoloni.

Ngeli hutofautisha maana hizo. Dawa hufuata i-/zi-: «Mumiani hii imetoka mbali.» Mtu hufuata a-/wa-: «Mumiani huyu ametoka mbali.» Kiambishi kimoja kinatenganisha bidhaa na mwuzaji wake. Neno litumike kwa bidhaa adimu, mara moja tu katika mchezo mzima. Lisitumike kuwa jina la kawaida la kila mnyonya damu, kwa sababu Strahd ni mtawala mfu wa ngomeni, ilhali mumiani wa simulizi ni mtu hai anayefanya kazi mjini.

Sarufi ya majina ya bidhaa

Kirejeshi kikanushi -si- hakina kiambishi cha wakati. Kwa sababu hiyo, jina lililoundwa nacho husikika kama hali ya milele: *mshumaa usiozimika*, *pete isiyovulika*, *kioo kisichorudisha sura*. Umbo la «ambao hauzimiki» lina maana hiyohiyo, lakini linafaa maelezo kuliko jina. Tofauti ya kauli nayo izingatiwe. Mshumaa *usiozimika* hauwezekani kuzimwa. Mshumaa *usiozimwa* ni ule ambao hakuna anayeuzima, pengine kwa kuogopa kitakachofuata.

Upatanisho wa kisarufi unaweza kubeba kisa. Kinyago ni cha ki-/vi- maadamu ni kitu. Kikianza kutenda kama kiumbe hai, upatanisho wa a-/wa- hutangaza badiliko hilo bila maelezo zaidi:

Kinyago kiliwekwa mezani jana. Leo anatabasamu.

Kwa mwanasesere wa Blinsky mbinu hii haifai. Mwanasesere huweza kufuata a-/wa- tangu mwanzo, na msikilizaji hatagundua badiliko lolote. Hapo mwendesha mchezo atafute jina la ki-/vi-, kama kikaragosi.

Makosa ya kawaida

1. *Kampeni* kwa mfululizo wa michezo. Kwa wasomaji wengi kampeni ni ya uchaguzi. «Mfululizo» au «kisa kirefu» hueleweka upesi zaidi, ijapokuwa wachezaji wenyewe wameanza kuzoea kampeni.

2. *Karabai* mikononi mwa mlinzi wa ngome. Karabai ni taa ya pampu ya karne ya 20. Kwa nyakati za hadithi hizi litumike *kandili*.

3. *Kioo* bila maelezo. Kioo ni cha dirisha na pia cha kujitazamia. Dukani, ambapo Dracula na jamaa zake hawaonekani katika kioo, iandikwe «kioo cha kujitazamia» mara ya kwanza.

4. *Tusi* na *jeneza* kuchanganywa. Jeneza (li-/ya-) ni sanduku la maiti linaloweza kuzikwa naye. Tusi ni la kubebea tu, na hurudishwa baada ya maziko. Mnyonya damu hulala katika jeneza. Duka lenye tusi la kuuza limelipata kwa njia isiyo halali, na mchezaji ajuaye Kiswahili atauliza maziko ya nani yalikatizwa.