Jina Ndilo Kaburi

Ukisimama kwenye miinuko ya Mutanga Nord, katika zoni ya Gihosha, unaliona jiji la Bujumbura likiteremka taratibu mpaka Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo. Mwaka 1914 maji hayo yalikuwa mpaka wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande huu walikuwa Wajerumani, waliojenga kituo chao cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne ya 19; upande wa Uvira walikuwa Wabelgiji. Mwanzoni Wajerumani ndio waliolitawala ziwa, hadi Waingereza walipoleta boti mbili za vita, Mimi na Toutou, zilizokokotwa nchi kavu kupitia Kongo. Boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na tarehe 9 Februari 1916 meli nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Juni 1916 kikosi cha Force Publique, jeshi la Wabelgiji la Kongo, chini ya Frederik-Valdemar Olsen kiliingia Usumbura, kisha Kitega mwezi huo huo; Kigoma ikafuata, na Tabora ikaanguka tarehe 19 Septemba. Kamanda mkuu wa Wabelgiji, Charles Tombeur, baadaye alipewa heshima ya kuliunganisha jina la Tabora na jina lake. Hivyo ndivyo vita hivyo husimuliwa: jina la afisa, jina la mji, tarehe. Hoja yangu ni kwamba kumbukumbu inayokomea hapo imelikumbuka jeshi, haijawakumbuka waliokufa. Katika nchi zetu za maziwa makuu, kazi ya kwanza ya jiwe la kumbukumbu ni kubeba majina ya watu. Sanamu inaweza kusubiri.

Tuanze na waliovibeba vita hivyo, maana vilibebwa kwa maana halisi ya neno. Ng'ombe, nyumbu na farasi waliangamizwa na mbung'o. Reli zilikuwa chache, na mvua zilizigeuza njia kuwa matope yasiyopitika kwa gari. Kilichobaki ni kichwa na mabega ya mwanadamu. Mpagazi alijitwika mzigo wa kilo 25 hivi: unga, risasi, dawa, hema la afisa, vipande vya mzinga. Kadiri jeshi lilivyokwenda mbali na ghala lake, ndivyo wapagazi walivyohitajika zaidi, kwa sababu nao walikula njiani sehemu ya chakula walichokibeba. Upande wa Wabelgiji pekee walitumika wapagazi zaidi ya 200,000, na kwa Waingereza walikaribia milioni moja. Hesabu rasmi ya Waingereza iliwataja wapagazi wao waliokufa kuwa karibu 95,000, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba walikuwa wengi kuliko hao. Wachache tu waliuawa kwa risasi. Wengi walimalizwa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, mtu wa nyanda za juu akilazwa bondeni kwenye joto, mtu wa bondeni akitetemeka mlimani bila blanketi. Wengi hawakujitolea. Walikusanywa kupitia machifu na maafisa wa wilaya, wakaondoka nyumbani bila kujua waendako wala watarudi lini.

Sasa tutazame walichopewa baada ya vita. Mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam ilizinduliwa Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, karibu na mahali ambapo Wajerumani waliwahi kumsimamisha gavana wao wa zamani, Hermann von Wissmann, wa shaba. Askari ameinama kidogo mbele, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Nairobi nayo ina sanamu ya aina hiyo hiyo, yenye watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Maneno ya msingini mwa sanamu hizo yalitungwa na Rudyard Kipling na kuandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, herufi za Kiarabu na za Kilatini. Yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba afiaye nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi ni nzuri, lakini jina lenyewe halikuandikwa. Mtoto aliyetoka Usukuma au Ukambani kumtafuta babaye pale angeikuta miguu na mikono, asimkute mtu.

Mtu anaweza kudhani kuwa huo ulikuwa upungufu wa nafasi kwenye jiwe. Haukuwa hivyo. Tume ya Uingereza ya makaburi ya vita iliundwa juu ya kanuni ya usawa: kila aliyekufa apate jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta, bila kujali cheo. Huko Ufaransa kanuni hiyo ilifuatwa kwa uangalifu wa ajabu. Afrika Mashariki ilikiukwa kwa makusudi. Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, aliona afadhali makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Karibu miaka 100 baadaye, Aprili 2021, tume hiyo ilichapisha ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wapagazi hawakuwapo mezani makaburi yalipogawanywa, na fungu lao halikuwapo. Kwa kulinganisha, Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na Kigoma mwaka 1916, iliopolewa mwaka 1924, ikapewa jina jipya la Liemba na kurudi kazini mwaka 1927. Meli ilitafutwa chini ya maji ikapewa jina, na wapagazi waliolala nchi kavu waliachiwa nyasi.

Pingamizi la kwanza ni la kiutendaji: majina yao hayakuandikwa, basi yatatoka wapi? Hoja hii ina uzito kwa waliokusanywa usiku na kufa kabla ya kufika kambini. Lakini wengi hawakuwa hivyo. Mpagazi wa Waingereza alivaa shingoni kisahani cha chuma chenye namba, na namba hiyo iliendana na daftari lenye jina lake, wilaya yake na chifu wake. Serikali ilihitaji daftari hilo ili imlipe mshahara na imtafute akitoroka. Uzoefu huo wa kuwaandikisha watu ndio uliofuatwa baada ya vita na kipande, kilichowalazimu wanaume wa Kenya kutembea na karatasi zao shingoni. Utawala uliojua kumwandika mtu ili umkamate hauwezi kusema haukujua kumwandika ili umzike. Tena mshahara wa marehemu wengi haukudaiwa na mtu, na pesa isiyodaiwa huacha karatasi nyuma yake. Madaftari mengine yamepotea, hilo ni kweli. Lakini kupotea ni jambo linalothibitishwa baada ya kutafuta, na kwa karne nzima hakuna aliyetafuta kwa bidii.

Pingamizi la pili lilitolewa na watawala wenyewe, na bado linasikika kwa sauti ya upole: kwamba Mwafrika hakuwa na desturi ya jiwe la kaburi, hivyo jiwe lenye jina lisingekuwa na maana kwake. Ni kweli kwamba wengi wa mababu zetu hawakuweka mawe. Lakini desturi ya kutoweka jiwe haikuwa desturi ya kusahau. Warundi wana kuganduka, siku ambayo jamaa hukusanyika kuhitimisha msiba, madeni na mali ya marehemu yakatajwa, na wafiwa wakaruhusiwa kurudi kwenye maisha ya kawaida. Waswahili wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kama wenzao wa pwani, huondoa matanga na kumsomea marehemu hitima. Katika yote mawili jina hutajwa mbele ya watu. Kitu cha lazima ni habari ya hakika: fulani amekufa, mahali fulani, siku fulani. Familia ya mpagazi ilinyimwa habari hiyo. Msiba wake haukufunguliwa rasmi, basi ungefungwaje? Aliyesema Mwafrika hahitaji jiwe alikuwa amemnyima kwanza taarifa ya kifo.

La tatu ni zito zaidi kwa msomaji wa leo. Vita vile vilikuwa vya wakoloni, Mjerumani na Mbelgiji wakigombea nchi zisizo zao. Kwa nini tuwape heshima walioubeba mzigo wa mgeni? Ningekubali kama heshima hiyo ingekuwa ya kumsifu mfalme wa mtu mwingine. Lakini kuandika jina si kusifu vita. Ni kutamka kwamba mtu huyu alikuwapo, alichukuliwa, na hakurudi. Tukimkataa kwa sababu alilazimishwa kumtumikia mkoloni, tunaungana na Byatt: yeye alitaka pori lifunike, nasi tunalimwagilia maji. Wako pia askari waliojiunga kwa hiari yao, wakashiriki uporaji na mateso dhidi ya raia. Hao wasifichwe. Ukuta wa majina hauwatangazi kuwa mashujaa. Unayapa maswali ya haki mtu wa kumhusu, na kumbukumbu inaweza kubeba yote mawili.

Na Burundi yenyewe je? Mtu wa Mutanga Nord anaweza kusema kwa haki kwamba nchi hii ina wafu wa karibu zaidi: wa mauaji ya 1972, wa mauaji ya 1993, wa miaka mingi ya vita iliyofuata. Kwa nini turudi 1916? Jibu langu ni kwamba wafu wa karibu ndio wanaothibitisha hoja. Huko Vugizo, juu ya jiji, kuna kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Kila mtu analijua kwa sababu lina jina. Huko Buta, katika seminari ndogo iliyoshambuliwa tarehe 30 Aprili 1997, wanafunzi 40 waliouawa pamoja, Wahutu na Watutsi waliokataa kutengana, wamelazwa kwa safu kando ya kanisa, kila mmoja na kaburi lake. Ukipita mbele ya safu ile huwezi kuihesabu kama idadi. Unapita mbele ya mtu, halafu mtu, halafu mtu. Kinyume chake ni vita vya Somalia, walikoanza kupelekwa wanajeshi wa Burundi Desemba 2007. Kambi yao ya El Baraf iliposhambuliwa tarehe 3 Mei 2022, kila upande ulitoa idadi yake ya waliokufa, na idadi hizo zilitofautiana mno. Idadi inaweza kubishaniwa, kupunguzwa au kuongezwa. Jina lina mama, lina mlima wa kwao, lina watu watakaouliza. Hii ndiyo sababu somo la wapagazi si la kale.

Kwamba inawezekana, mfano uko tayari. Januari 2025, Cape Town ilizindua kumbukumbu ya Waafrika Kusini weusi zaidi ya 1,700 waliokufa wakifanya kazi zisizo za silaha katika vita vya kwanza vya dunia barani Afrika, watu waliokuwa wamekosa kaburi lenye jina. Hakuna jenerali pale, wala farasi wa shaba. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mti mgumu wa Kiafrika, imechongwa jina lake na tarehe ya kifo chake. Majina yalitoka kwenye karatasi za serikali zilizokuwa zimelala kabatini. Kando ya Ziwa Tanganyika kazi ianzie kwenye karatasi za aina hiyo, katika nyaraka za Brussels, London na Berlin na katika madaftari ya parokia za zamani, kabla ya kumwita mchongaji yeyote. Yakipatikana majina 300 tu, yaandikwe hayo 300, na nafasi iachwe wazi chini yake. Nafasi ile wazi itakuwa na ukweli kuliko maneno mazuri ya msingini, kwa sababu itasema kwamba msiba haujafungwa, na kwamba bado tunawatafuta.