Umeme wa jua kutoka angani: Kikwazo ni gharama

UMEME wa jua unaozalishwa angani na kurushwa duniani bila nyaya umefanyiwa utafiti kwa zaidi ya nusu karne, lakini hadi sasa hakuna taifa linaloutumia kibiashara.

Wazo hilo lilielezwa kitaalamu na mhandisi wa Marekani, Peter Glaser, katika jarida la Science mwaka 1968. Mwaka 1973 alipewa hataza ya mfumo huo.

Mvuto wake ni kwamba angani hakuna mawingu, na kila mita ya mraba hupata nishati ya takriban wati 1,360. Setilaiti iliyo kilomita 35,786 juu ya Ikweta huzunguka sambamba na dunia, hivyo huonekana imesimama mahali pamoja. Humulikwa karibu wakati wote, isipokuwa vipindi vifupi vya usiku ipitapo katika kivuli cha dunia, majuma ya karibu na Machi na Septemba.

Paneli hugeuza mwanga kuwa umeme, umeme hugeuzwa kuwa mawimbi ya mikrowevu, na antena za ardhini huyageuza tena kuwa umeme.

Tatizo ni ukubwa, kwani mawimbi hutawanyika kadiri yanavyosafiri. Uchunguzi uliofanywa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970 ulikadiria kuwa megawati 5,000 zingehitaji antena yenye kipenyo cha kilomita moja angani, na uwanja wa kupokelea wa kilomita 10 kwa 13. Hata hivyo, nguvu ya mawimbi katikati ya uwanja ingekuwa wati 230 kwa mita ya mraba, chini ya robo ya jua kali la adhuhuri.

Mwaka 1975, huko Goldstone, California, zaidi ya kilowati 30 zilirushwa umbali wa kilomita 1.5. Mwaka 2023, chombo cha chuo cha Caltech kilirusha nishati kutoka angani, na mawimbi yake yakanaswa Pasadena, ingawa kwa kiasi kidogo mno.

Januari 2024, NASA ilieleza kuwa miundo miwili iliyochunguzwa ingetoa umeme kwa gharama ya mara 12 hadi 80 ya ule wa vyanzo jadidifu vya ardhini, mzigo mkubwa ukiwa urushaji wa vifaa. Roketi za bei nafuu zingepunguza pengo hilo, lakini paneli na betri za ardhini nazo zimekuwa zikishuka bei.